Guanajuato kwa miguu: ukipotea, teremka

Swali la msomaji: "Naishi Houston, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, Mombasa. Novemba nampeleka mamangu Guanajuato, Meksiko, kwa siku mbili na nusu. Ana miaka 68, anapenda kutembea, ila goti la kulia linamsumbua akikutana na ngazi. Nimejaribu kupanga njia kwenye ramani ya simu, lakini kila nikiunganisha sehemu mbili mistari inapandana kama uzi uliochezewa na paka. Tunaweza kuzunguka wenyewe bila kiongozi? Tuanzie wapi? Na kipi tukiache?"

Dada yangu, ramani yako haina kosa. Tatizo ni kwamba ramani imelala na mji ule umesimama. Pale unapoona mstari mmoja umepita juu ya mwingine, ndivyo ilivyo kweli: gari linapita chini handakini, watu wanapita juu yake, na juu ya watu pengine kuna daraja au chumba cha kulala cha mtu. Simu inajua uko wapi, haijui uko ghorofa ya ngapi. Mara yangu ya kwanza pale nilisimama mbele ya ukuta mtupu, simu ikinipongeza kwamba nimefika. Mlango niliokuwa nautafuta ulikuwa chini ya viatu vyangu, kwenye barabara nyingine kabisa.

Mimi kazi yangu ni majengo ya kale. Nimeanzia Mji Mkongwe wa Unguja, na nilipofika Guanajuato nilijidai, nikasema mtu aliyekulia vichochoroni hapotei. Nilipotea kabla ya adhuhuri. Vichochoro vyetu vya pwani vimelala juu ya ardhi iliyo karibu tambarare, kwa hiyo mtu hujiongoza kwa misikiti, kwa milango, kwa upepo wa bahari. Guanajuato hujiongozi hivyo. Unajiongoza kwa mteremko, na kanuni yake ni moja tu: ukipotea, teremka. Kila kichochoro, hata kijipinde vipi, mwisho wake kinamwaga watu pale pale kilipokuwa kikimwaga maji ya mvua, yaani kwenye njia ya mto. Na njia ya mto ndiyo barabara kuu ya mji.

Miji mingine mingi ambayo Wahispania waliijenga Meksiko, kama Puebla, Oaxaca au Mérida, ilichorwa kwa rula. Uwanja wa mraba katikati, kanisa upande mmoja, serikali upande mwingine, na mitaa iliyonyooka kama madaftari ya hesabu. Mji wa namna hiyo huhitaji ushauri wangu, unahesabu kona tu. Guanajuato hakuna aliyeuchagulia kiwanja. Katikati ya karne ya 16 yaligunduliwa madini ya fedha ndani ya milima, na watu wakajibanza kwenye korongo lililokuwa karibu na mashimo, nyumba zikifuata kijito. Hata jina la mji, la lugha ya Wapurépecha, wenyeji wa asili, husemwa lina maana ya kilima cha vyura. Ukiita mahali kwa jina la vyura, usishangae maji yakija kudai haki yake.

Na yalikuja. Mafuriko makubwa yaliupiga mji mwaka 1760, tena 1780, na yale ya 1905 yaliua watu wengi na kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya mji. Jibu la wenyeji kwa vizazi kadhaa lilikuwa kuupandisha mji: wanajenga kuta na matao juu ya mto, wanainua barabara, na sakafu za zamani zinabaki chini zimefukiwa. Mwaka 1908 handaki la mhandisi Ponciano Aguilar lilifunguliwa ili kuyapitisha maji kwingine. Mto wa zamani ukabaki mkavu, na katika miaka ya 1960 ukageuzwa barabara ya magari. Rasmi inaitwa Calle Miguel Hidalgo, lakini watu wote husema la Subterránea. Ukiwa ndani yake, tazama kuta. Ule ukuta wa mawe ni ukingo wa mto, na yale matao unayopita chini yake ni madaraja ya karne nyingine.

Sasa Bi Mkubwa na goti lake. Watu wengi wanautembelea mji huu kwa kupanda: wanaanzia chini sokoni, wanasukumana kwenda juu, na ikifika saa nane wamekaa kwenye ngazi za kanisa wanahema. Kumbuka mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nanyi mnatoka Houston, mji ambao hata kilima cha kuchezea watoto hauna. Nyinyi fanyeni kinyume. Kupanda kote mpande kwa gari, kushuka mshuke kwa miguu.

Ile nusu siku mtakayofika, msitembee kabisa. Nendeni nyuma ya Teatro Juárez, kuna kigari cha kupanda mlima kwa kamba, kitawafikisha kwenye sanamu ya El Pípila, shujaa wa mji ambaye habari yake nitaisimulia mbele. Kata tiketi ya kwenda na kurudi. Watu watawaambia njia ya kushuka kwa miguu ni nzuri, na ni kweli, lakini ni ngazi tupu, na siku ya kwanza goti halijazoea. Juu pale mtauona mji wote umelala kama mtumbwi: kanisa kuu la manjano katikati, chuo kikuu cheupe nyuma yake, nyumba za rangi zote zimepanda pande mbili za mbavu. Mwonyeshe mama njia mtakayopita kesho, kutoka kulia juu hadi kushoto chini. Akishauona mteremko kwa macho, hataogopa.

Kesho yake asubuhi chukueni teksi au basi hadi Presa de la Olla. Ni bwawa la zamani la maji ya kunywa, la karne ya 18, nalo liko upande wa juu wa mji. Kunyweni chai hapo, kisha anzeni kufuata maji. Barabara ya Paseo de la Presa inashuka polepole, ina miti na nyumba za matajiri wa enzi ya rais Porfirio Díaz, na hakuna ngazi hata moja ya kumtisha mtu. Hamna haraka. Safari nzima hadi sokoni haizidi kilomita nne, na mteremko unafanya nusu ya kazi.

Mkikaribia katikati ya mji mtafika sehemu inayoitwa Campanero. Kuna kidaraja kidogo cha miguu juu ya barabara ya chini, na hapo ndipo ningewasimamisha muda mrefu kuliko mahali popote pengine. Inameni mtazame chini. Gari linatokea gizani chini ya jikoni ya mtu. Nyumba zimetoa vyumba vyao nje juu ya mto wa zamani, zimeshikiliwa na mihimili na matao, nguo zimeanikwa dirishani, na wewe uliye juu uko usawa wa paa la mwingine. Ramani yako ile iliyopandana ndiyo hii, imesimamishwa wima. Baada ya Campanero hutaihitaji tena.

Kutoka hapo barabara ya Sopeña inawaingiza mpaka Jardín de la Unión, bustani ya pembetatu iliyojaa miti iliyokatwa ikawa kama ukuta mmoja wa majani. Mbele yake kuna Teatro Juárez, iliyozinduliwa na Díaz mwenyewe mwaka 1903. Hesabu sanamu za miungu ya sanaa juu ya paa: Wagiriki walikuwa nao tisa, pale wako wanane. Ukipata nafasi ya kuingia, ingia, kwa sababu ukumbi wa ndani umenakshiwa kwa mtindo wa Waarabu wa Andalusia, na mtu wa Mombasa ataziona nakshi zile kama jamaa wa mbali aliyetajirika. Halafu ulizia makumbusho madogo ya Ex-Convento Dieguino. Yako chini ya ardhi hapo hapo, ni mabaki ya nyumba ya watawa iliyozikwa mji ulipopandishwa. Unashuka ngazi chache, lakini unakanyaga sakafu ya mji wa zamani kwa miguu yako, na watu wengi wanapita juu yake wakila aiskrimu bila kujua.

Kaeni sana. Jambo moja ninalolikosa pale ni baraza. Nyumba zao hazina kiti cha mawe mlangoni kama zetu, kwa hiyo mzee hawezi kupumzika popote na kusalimiana na wapita njia. Kazi hiyo inafanywa na viwanja vidogo, plazuelas, ambavyo kila kimoja kina mabenchi na aghalabu chemchemi. Kati ya kimoja na kingine ni dakika tano au chini ya hapo. Wekeni safari yenu kwa viwanja, msiiweke kwa vivutio: kutoka benchi hadi benchi. San Fernando ndicho ninachokipenda mimi, hasa jioni.

Mkiendelea kushuka kwa Avenida Juárez mtafika soko la Hidalgo, jengo la chuma na vioo la mwaka 1910, na pale mle. Waulizeni enchiladas mineras, chakula cha wachimba migodi: chapati za mahindi zilizochovywa kwenye mchuzi wa pilipili kavu, ndani jibini, juu viazi na karoti za kukaanga. Kwa kuwa huenda mnachunga chakula, jifunze neno moja: manteca. Ni mafuta ya nguruwe, na yamo hata kwenye maharage yanayoonekana hayana nyama. Sema "¿lleva manteca?" kabla ya kukaa, si baada ya sahani kufika. Muuzaji hatachukia, atakuonyesha jirani yake anayetumia mafuta ya mboga.

Callejón del Beso, kichochoro cha busu, kiko njiani kabla ya soko. Upana wake ni sentimita 68, na hadithi ni ya msichana aliyeuawa na baba yake kwa kumpenda kijana wa dirisha la pili. Kuna foleni ya watu wa kupiga picha kwenye ngazi ya tatu. Sisi tuliolelewa kwenye vichochoro ambavyo mtu anamwazima jirani chumvi kwa dirishani hatuna la kustaajabu. Piteni, tazameni, endeleeni.

Siku ya mwisho nawapa mambo mawili tu, lakini ndiyo mazito.

Anzeni chuo kikuu, mpite barabara ya Positos. Njia hii nimewachagulia kwa ajili ya goti: kutoka sokoni kwenda Alhóndiga ni ngazi, kutoka Positos mnafika bila kupanda sana. Nambari 47 ndiyo nyumba aliyozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886, sasa ni makumbusho. Mwisho wa barabara mtakutana na jengo kubwa la mawe, madirisha madogo, limefunga uso kama ngome. Hiyo ndiyo Alhóndiga de Granaditas. Ukimwuliza mtu yeyote aliyeishi Muscat au Dubai neno funduq atakwambia ni hoteli. Alhóndiga ni neno hilo hilo, Wahispania walilichukua kwa Waarabu wao likabaki na maana ya ghala. Ghala hili la nafaka lilijengwa kati ya 1798 na 1809, baada ya njaa kubwa ya miaka ya 1785 na 1786, ili watu wasife tena kwa kukosa mahindi.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 28 Septemba 1810, jeshi la padri Miguel Hidalgo, aliyeanzisha vita vya kudai uhuru kwa Wahispania, lilifika. Mtawala wa jimbo, Riaño, aliyelijenga ghala hilo, alijifungia ndani pamoja na Wahispania matajiri na fedha zao. Ndipo inapokuja habari ya El Pípila, mchimba mgodi aliyejifunga bamba la jiwe mgongoni, risasi zikilipiga jiwe, akatambaa hadi mlangoni na kuuchoma moto. Mwanahistoria Lucas Alamán, mzaliwa wa mji ule aliyekuwa kijana wakati huo, aliandika kwamba mtu huyo hakujulikana kabisa Guanajuato. Wenyeji hawamsikilizi. Chini ya sanamu mliyoiona siku ya kwanza wameandika kwamba bado kuna Alhóndiga nyingine za kuchoma.

Kabla ya kuingia ndani zunguka nje, utazame pembe nne za juu. Mwaka 1811, baada ya Hidalgo na wenzake Allende, Aldama na Jiménez kuuawa mbali kaskazini, vichwa vyao vililetwa hapa vikatundikwa, kimoja kila pembe, ndani ya vizimba vya chuma. Vilikaa hadi 1821. Majina yao yameandikwa pale pale. Nawashauri mzunguke kimya kimya, kisha muingie mkaone michoro ya ukutani ya José Chávez Morado kwenye ngazi. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, basi usiiweke siku hiyo.

Karibu na hapo chukueni basi au teksi mpaka Valenciana, kilomita chache juu ya mlima. Kuna kanisa la San Cayetano, lililojengwa kati ya 1765 na 1788 kwa mali ya Antonio de Obregón y Alcocer, aliyeshikilia mwamba mmoja mpaka ukamfanya tajiri na kumpa cheo cha ukabaila. Ndani kuna madhabahu matatu ya dhahabu kutoka sakafuni mpaka darini. Mama akae, macho yazoee giza, yaanze kuchambua sura moja moja. Nje, jirani, kuna shimo la mgodi la San José, zaidi ya mita 500 kwenda chini. Msishuke kwenye migodi ya watalii, ngazi zake ni kali.

Mwanasayansi wa Kijerumani Alexander von Humboldt alifika hapa 1803 akawaona wapagazi wa mgodi, tenateros, wakipanda ngazi kutoka chini wakiwa na zaidi ya kilo 100 za mawe mgongoni, saa baada ya saa. Wengi wa wachimbaji wa karne ile walikuwa chotara wenye damu ya Kiafrika, uzao wa watumwa walioletwa Meksiko. Tangu nilipolijua hilo, habari ya Pípila na jiwe lake hainishangazi: kubeba jiwe mgongoni ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Na fedha ile tunaijua sisi. Ilipelekwa Jiji la Mexico ikapigwa sarafu za reale nane, zikavuka bahari mbili, na biashara ikazitawanya hadi Bahari ya Hindi. Zenye picha ya nguzo mbili watu wa pwani waliziita reale ya mzinga, kwani nguzo zile waliziona kama mizinga. Mwambie Bi Mkubwa. Huenda akakumbuka jina hilo kwa bibi yake.

Makumbusho ya maiti zilizokauka yaacheni. Miili ile ilifukuliwa makaburini tangu 1865 kwa sababu ndugu zao hawakulipa kodi ya kaburi, na mimi sioni kwa nini nilipe kwenda kuwatazama. Kiongozi wa kulipwa pia hamhitaji, isipokuwa mkitaka mmoja wa ndani ya Alhóndiga.

Goti: asubuhi moja nilimfuata kijana aliyebeba mtungi wa gesi begani, gunia limekunjwa chini yake. Kwenye mteremko usio na ngazi hakwenda moja kwa moja. Alikata mshazari, ukuta hadi ukuta, pole pole, na sikumpata. Mama afanye vivyo hivyo. Kwenye ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize wenye maumivu, na awe na fimbo yenye mpira chini, maana mawe yale yamesuguliwa na miguu mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Novemba mvua imekwisha na umati wa Cervantino, tamasha la sanaa la Oktoba, umeondoka. Mchana mtavaa shati, usiku mtataka sweta nzito.

Na kabla hujalipia hoteli, wapigie simu. Nyingi ziko vichochoroni ambako gari halifiki. Teksi itawashusha handakini au kwenye uwanja, mengine ni miguu na masanduku. Waulize kutoka gari linaposimama hadi mlangoni kuna ngazi ngapi. Wakikujibu "dakika tano tu", uliza tena, mpaka wakutajie idadi.